MAANDISHI YALIBAKI, PICHA ZIKAPOTEA: HISTORIA YA PROGRAMU ZA KWANZA ZILIZOINGIZA PICHA KWENYE KURASA

Leo hii mtu akitaka kuweka picha kwenye CV, kwenye kadi ya mwaliko au kwenye ripoti ya chuo, anabofya mara mbili tatu kazi imeisha. Picha ikigoma kukaa mahali pake kidogo tu, analalamika wiki nzima. Sasa vuta picha kipindi ambacho kompyuta ilikuwa inapanga kurasa nzuri kuliko mashine nyingi za viwandani, lakini haikuwa inajua kabisa kama duniani kuna kitu kinaitwa picha. Hakukuwa na cha kubofya. Kulikuwa na nafasi tupu kwenye karatasi, mkasi na gundi.

Historia hii ina majina makubwa machache ambayo yapo kwenye vitabu. Ila kazi kubwa ilifanywa na watu ambao hakuna anayewataja: wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu usiku wa manane, makatibu muhtasi wa idara za hesabu, na mafundi wa maabara za kompyuta waliojiongeza wenyewe. Na leo kuna watu wengine, nao wasiotajwa, wanaozitafuta programu zile kama mtu anayetafuta dhahabu kwenye mchanga. Kwanini wahangaike na programu za miaka ya 1980? Hapo ndipo utamu ulipo.

PROFESA ALIYECHUKIZWA NA KITABU CHAKE MWENYEWE

Donald Knuth ni profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Alikuwa anaandika mfululizo wa vitabu uitwao The Art of Computer Programming, na kitabu cha kwanza kilitoka 1968. Vitabu vile vya mwanzo vilipangwa kwa herufi za chuma, kazi ya mafundi wa zamani, na vilipendeza. Halafu teknolojia ikabadilika. Wachapaji wakahamia kwenye mashine zinazopiga picha za herufi badala ya kugandamiza chuma.

Machi 1977 Knuth akaletewa kurasa za kuhakiki za toleo jipya la kitabu cha pili. Akaziangalia, akachoka. Herufi zilikuwa mbaya, nafasi zimekaa ovyo, hesabu hazisomeki vizuri. Mtu mwingine angeandika barua ya malalamiko yakaisha. Yeye akaamua kuandika programu yake ya kupanga kurasa. Akaiita TeX, na inatamkwa "tek", hiyo X ni herufi ya Kigiriki. Alidhani ni kazi ya muda mfupi tu. Ikamla takriban miaka kumi.

TeX inaiona kurasa kwa namna ya ajabu kidogo. Kila herufi kwake ni kiboksi chenye upana, kimo na kina. Kati ya viboksi kuna kitu ambacho Knuth alikiita gundi, yaani nafasi inayoweza kutanuka na kusinyaa mpaka mstari ukae sawa. TeX haijui herufi "a" ina umbo gani. Inajua vipimo vya kiboksi chake tu. Kuchora herufi yenyewe ni kazi ya mwingine, baadaye, kwenye printa.

Kwa maandishi, ubunifu huo ulikuwa balaa, kwa maana nzuri. Kwa picha ilikuwa kasheshe. Programu inayojua viboksi tu, utaiambiaje ichore moyo wa binadamu, ramani au grafu ya mvua?

MKASI NA GUNDI YA KWELI

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: usiiambie. Acha nafasi.

Mwandishi alikuwa anaandika amri ya kuacha, tuseme, sentimita nane tupu, kisha chini yake anaweka maelezo ya mchoro. Karatasi ikitoka kwenye printa ina uwazi mweupe katikati. Mchoro unachorwa pembeni kwa kalamu ya wino na rula, au unapigwa fotokopi ukapunguzwa. Unakatwa na mkasi, unabandikwa kwa gundi, halafu ukurasa mzima unapigwa fotokopi tena ili kingo za karatasi zisionekane. Gundi ya Knuth haikusaidia hapo, ilihitajika ile ya dukani.

Tasnifu nyingi sana za miaka ile zimepita njia hii. Ukisoma maandishi unaona kompyuta. Ukiangalia picha, kuna mikono ya mtu ambaye jina lake halipo popote. Na ukihariri sura ya tatu, kurasa zikasogea, unarudia kubandika upya zote. Si mchezo.

Upande wa pili, kwenye maabara za Bell ambako Unix ilizaliwa, jamaa walikuwa na programu yao ya kupanga kurasa iliyoitwa troff, kazi ya Joe Ossanna ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Brian Kernighan akaja kuiongezea kitu kinaitwa pic. Pic ilikuwa lugha ya kuandika mchoro kwa maneno: andika boksi, kisha mshale, kisha boksi lingine, yenyewe inachora. Kwa michoro ya viboksi na mishale ilikuwa safi kabisa. Ila picha ya kamera? Sahau.

KUCHORA KWA HERUFI

Watu wa TeX nao hawakukaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Leslie Lamport alitengeneza LaTeX, nyongeza iliyofanya TeX itumike na mtu wa kawaida, na kitabu chake kikatoka 1986. Ndani yake aliweka sehemu ya kuchora picha. Lakini angalia ujanja uliotumika: kwa kuwa TeX inajua herufi tu, mistari ya mshazari na miduara vilitengenezwa kama herufi za fonti maalumu. Mstari mrefu ulikuwa ni vipande vifupi vimepangwa mfululizo.

Matokeo yake kulikuwa na masharti kama ya mganga. Mshazari wa mstari ulikubali namba nzima kuanzia hasi sita mpaka sita tu. Mishale ndiyo kabisa, mwisho wake nne. Duara nalo lilikuwa na ukomo, kipenyo cha pointi 40, kama sentimita moja na nusu hivi. Ukitaka duara kubwa zaidi, shauri yako.

Ikaja PiCTeX ya Michael Wichura wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hii ilivunja masharti hayo kwa njia ya kibabe: mstari uliopinda ulichorwa kwa kupanga vinukta, kimoja baada ya kingine, maelfu kwa maelfu. Grafu zilipendeza. Shida ikawa kila kinukta kinakula kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta za wakati ule hazikuwa nayo ya kuchezea. Unaacha mashine inachapa kazi, unaenda kunywa chai, ukirudi unakuta ujumbe kwamba uwezo wa TeX umezidiwa. Unaanza upya.

MLANGO WA UANI UITWAO "SPECIAL"

Sasa hapa ndipo penye siri ya hadithi nzima.

TeX ikimaliza kazi haitoi karatasi. Inatoa faili linaloitwa DVI, maana yake faili lisilofungamana na kifaa chochote. Faili hilo linasema: weka herufi fulani mahali fulani, basi. Kisha programu nyingine, inayoitwa draiva, inalisoma na kuligeuza liendane na printa iliyopo. Printa ikibadilika unabadilisha draiva, faili linabaki lile lile. Akili kubwa.

Knuth akaweka humo mlango mmoja wa uani. Ni amri iitwayo special. Chochote ukiandika ndani yake, TeX haikisomi wala haikielewi. Inakipitisha kama kilivyo mpaka kwenye DVI, kama kondakta anayepokea bahasha imefungwa Mwanza na kuishusha Dar bila kuifungua. Draiva ndiyo inafungua bahasha. Kama ndani imeandikwa "weka picha fulani hapa" na draiva inaijua lugha hiyo, picha inatokea. Kama haiijui, inaruka na kuendelea.

Unaona tatizo linavyokuja? Hakuna aliyewaambia watengenezaji wa draiva wazungumze lugha moja. Kila mmoja akaja na yake. Waliokuwa na PC za DOS walitumia emTeX ya Mjerumani Eberhard Mattes, na bahasha zao zilianza na maneno em:graph. Waliokuwa na Macintosh na programu ya Textures waliandika illustration. Waliokuwa na dvips ya Tomas Rokicki waliandika psfile. Faili la rafiki yako wa chuo kingine likifika kwako, maandishi yanatoka vile vile mpaka nukta ya mwisho, picha hazipo.

PRINTA YENYE NGUVU KULIKO KOMPYUTA

Mwishoni mwa 1982 John Warnock na Charles Geschke walianzisha kampuni ya Adobe. Mwaka 1984 wakatoa PostScript, lugha ya kuielezea kurasa nzima kwa hesabu: herufi, mstari, mkunjo, kivuli na picha ya kamera, vyote kwa pamoja. Mwaka 1985 Apple wakatoa printa ya leza ya LaserWriter iliyoielewa lugha hiyo. Bei yake dola 6,995. Ilichapa nukta 300 kwa kila inchi, na ndani ilikuwa na prosesa yenye kasi kuliko ya Macintosh iliyokuwa inaitumia. Yaani printa ndiyo ilikuwa na akili zaidi.

Kwa watu wa TeX huo ndio ulikuwa mwanya. Kama printa inaelewa PostScript, na picha yako imeandikwa kwa PostScript, unachotakiwa ni kuipitisha tu kwenye bahasha ya special. Lakini bado TeX ilihitaji kujua kitu kimoja: boksi la picha lina ukubwa gani? Bila hapo itaachaje nafasi?

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja mdogo juu ya faili la picha, unaoitwa BoundingBox, wenye namba nne. Mbili za kwanza ni kona ya chini kushoto, mbili za mwisho ni kona ya juu kulia, na kipimo ni sehemu 72 kwa inchi moja. Kwa hiyo ukiona 0 0 144 72, hiyo ni picha ya upana wa inchi mbili na kimo cha inchi moja. Faili lenye mstari huo na kufuata adabu zake liliitwa EPS.

Hapo mafundi wakaingia kazini. Kukatoka psfig kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na epsf iliyotembea pamoja na dvips. Programu hizi ndogo zilikuwa zinaiambia TeX ichungulie faili la picha, mstari kwa mstari, mpaka iuone BoundingBox, isome zile namba nne, itengeneze boksi la ukubwa huo, kisha iweke bahasha ya special kwa ajili ya draiva. TeX bado haijui picha ni nini. Inaona boksi lingine tu, kama herufi moja kubwa. Picha ya moyo wa binadamu ikawa herufi nene katikati ya ukurasa. Rahisi hivyo, na ilichukua miaka kufika hapo.

Usidhani mambo yalinyooka. Programu nyingine za kuchora ziliandika BoundingBox ya karatasi nzima, kwa hiyo kimchoro kidogo kinakula ukurasa mzima. Nyingine juu ziliandika tu kwamba namba zipo mwishoni mwa faili. Kwenye skrini nyingi picha haikuonekana kabisa, ni boksi jeupe, mpaka uchape. Watu wakajifunza kufungua faili la picha kwa programu ya maandishi na kurekebisha namba kwa mkono, wakipima na rula kwenye karatasi. Ujuzi huo ulipita mdomo kwa mdomo kwenye maabara za kompyuta, na waliofundishana hawajulikani.

Asiyekuwa na hela ya printa ya PostScript alipata nafuu mwaka 1988, Ghostscript ya L. Peter Deutsch ilipotoka bure. Iliigeuza PostScript ikachapika hata kwenye printa ya kawaida, na ikawezesha kuiona kwenye skrini. Kwa vyuo vyenye bajeti finyu hiyo ilikuwa ukombozi.

1994: LUGHA MOJA

Mwaka 1994 likatoka toleo jipya la LaTeX, na David Carlisle pamoja na Sebastian Rahtz wakaleta kifurushi cha kuingiza picha chenye amri moja tu: includegraphics. Mwandishi anaandika amri hiyo na jina la picha, basi. Nyuma yake kuna faili dogo kwa kila draiva, kazi yake ni kutafsiri amri ile kuwa lugha ya draiva husika. Ugomvi wa bahasha ukaisha pale. Amri hiyo bado inatumika mpaka leo na mwanafunzi yeyote anayeandika tasnifu kwa LaTeX. Baadaye pdfTeX ya Hàn Thế Thành ikaiwezesha TeX kutoa PDF moja kwa moja, na picha za kawaida za JPEG na PNG zikaingia bila kupitia EPS.

Lakini vipi kuhusu kazi zote zilizoandikwa kabla ya 1994?

KWANINI ZINATAFUTWA SASA

Knuth aliigandisha TeX. Alisema haitaongezewa kitu, ni kurekebisha makosa tu. Kila marekebisho namba ya toleo inaongezwa tarakimu moja kuelekea pai, sasa hivi ni 3.141592653, na siku akifariki namba itakuwa pai yenyewe na makosa yaliyobaki yatahesabika kuwa sehemu ya programu. Mpaka mwaka 2008, aliyegundua kosa alikuwa analipwa hundi ya dola 2.56 na kuendelea, na wengi waliipiga fremu badala ya kwenda nayo benki.

Maana yake ni kwamba ukichukua faili la TeX la miaka ya 1980 ukaliendesha leo, unaweza kupata mistari ile ile ikikatika pale pale. Miaka karibu arobaini! Ni programu chache mno zinazoweza kutamba hivyo.

Picha sasa. Picha zilikuwa kwenye bahasha za special, na bahasha zile zilifunguliwa na draiva ambazo nyingi zimekufa pamoja na printa na kompyuta zake. Kwa hiyo mtafiti anafungua kazi ya zamani, maandishi yamesimama kama jana, yanasema "kama inavyoonekana kwenye mchoro wa nne", na mchoro wa nne ni uwazi mweupe. Aliyebandika kwa gundi, karatasi yake ipo maktaba, picha inaonekana. Aliyetumia teknolojia ya kisasa ya wakati ule ndiye aliyepoteza. Dunia ina vituko.

Ndiyo maana kuna watu wanazisaka zile draiva. Anayetafuta anaanza na faili la DVI lenyewe, kwa sababu maneno ya ndani ya bahasha yamekaa humo kama maandishi ya kawaida. Akikuta em:graph, anajua hii ni ya emTeX. Akikuta psfile, ni dvips. Ni kama kusoma mhuri wa posta kujua barua imetoka wapi. Kisha anaanza kuitafuta programu iliyoielewa, na kama ni ya kompyuta iliyokufa, anatumia programu ya kuigiza kompyuta hiyo ndani ya laptop yake.

ZINAPATIKANA WAPI?

Nyingi zimenusurika kwa sababu ya CTAN, hifadhi kubwa ya vitu vya TeX iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuunganisha hifadhi za Uingereza, Ujerumani na Marekani. Humo kuna hadi sehemu ya vitu vilivyopitwa na wakati, na hawavifuti. Jarida la chama cha watumiaji wa TeX, TUGboat, lipo tangu 1980, na kurasa zake zinaeleza draiva ambazo pengine zisingekumbukwa kabisa.

Za zamani zaidi ziko kwenye tepu. Maabara ya akili bandia ya Stanford, alikofanyia kazi Knuth, ilikuwa na utaratibu wa kunakili mafaili kwenye tepu za sumaku. Tepu hizo zikatunzwa, na miaka mingi baadaye yaliyomo yakawekwa kwenye mradi unaoitwa SAILDART. Desemba 2022, Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta la California likaweka hadharani msimbo wa mwanzo wa PostScript kwa ruhusa ya Adobe. Karibu miaka arobaini umekaa ndani.

Angalia sasa ni akina nani waliookoa. Anayenakili tepu usiku kwenye chumba cha mashine hajui kama anatunza historia, kwake ni zamu tu. Anayekataa kufuta folda la zamani kwenye seva analaumiwa kwamba anajaza nafasi. Bila hao, majina makubwa yote yaliyotajwa hapo juu yangebaki stori.

Na jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Picha za harusi zipo kwenye CD ambazo laptop mpya hazina pa kuzichomeka. Tasnifu ya mwaka juzi ipo kwenye flashi moja tu. Kazi iliyotengenezwa kwa programu ya bure ya simu itafunguka vipi hiyo programu ikifutwa? Funzo la mambo ya TeX ni kwamba kutunza faili peke yake hakutoshi. Tunza na kile kinacholifungua, na kama kitu ni cha maana sana, kichape kwenye karatasi. Mkasi na gundi viliwashinda wengi.

Mdau, wewe una faili gani la zamani ambalo halifunguki tena? Na kuna yeyote kwenu bado ana diski zile za plastiki? Shusha maoni hapo chini.